Wifi Yangu Hatoi Mji

Shika hiki kwanza, halafu ndiyo ukae. Kila asubuhi anapita mlangoni, na akishapita ndipo nyumba inafungwa, lakini ndani hajaingia hata siku moja. Ni nani huyo?

Usijibu mbio. Jibu lako liweke chini ya ulimi, tuendelee. Anayeshindwa ana njia yake, nayo inajulikana: hunipa mji. Ananiambia chukua mji fulani, mimi nauchukua, nautawala nipendavyo, nikiridhika namtajia jibu. Hakuna aibu hapo. Watu wazima wenye heshima zao wamenipa miji mikubwa mikubwa, wakaenda zao wakicheka. Isipokuwa mtu mmoja. Wifi yangu, tangu kaka yake anioe mpaka leo kaka mwenyewe tumeshamzika, hajanipa hata kijiji.

Wifi yangu hujalidi vitabu. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho karakana: meza ndefu, uzi uliopakwa nta, sindano nene, magamba ya vitabu ya kila rangi yameegemezwa ukutani, na pale pembeni mashine ya kukatia karatasi yenye kisu kirefu kama mkono wa mtu. Wanafunzi wanaomaliza chuo humletea kazi zao, ofisi humletea majalada yao, na wapo wanaoleta kitabu kimoja tu kilichoachwa na mama yao, kurasa zinaning'inia. Yeye hukipapasa mgongo kwanza kabla ya kukifungua. Nguo zake zinanukia gundi, nywele zinanukia gundi, ndiyo maana mtaa mzima unamwita Bi Gundi. Amelipokea jina hilo kama cheo.

Ana mtoto mmoja tu, mwanamume, mkaguzi wa lifti. Kazi yake ni kuingia kwenye majengo ya watu, kusikiliza lifti ikipanda na kushuka, kisha kubandika karatasi: ya kijani, watu wapande, nyekundu, asipande mtu. Ni kijana mwema. Ila ukikaa sana na karatasi za rangi mbili, dunia nayo inaanza kuwa na rangi mbili.

Basi ikatokea kwamba mama yake aliacha sufuria ya gundi juu ya kipasha moto, akatoka kwenda kununua uzi. Gundi ikaungua, moshi ukatoka dirishani, jirani akavunja kioo. Hata maneno hayajapoa, mwana akaja kumsalimu, akakuta kisu cha mashine kimeachwa juu bila komeo. Akakishusha taratibu, akakaa.

"Mama," akasema, "hii ni karatasi nyekundu."

"Mimi lifti?"

"Nasema tu."

"Sema na kipasha moto basi, ndicho kilichounguza."

Hapo ndipo akaingia mjukuu wangu katika mambo haya. Mjukuu wangu, binti wa mwanangu, anafanya kazi chuoni, kwenye maabara wanakotazama ubongo wa mtu ukiwa kazini. Siku hizo walikuwa wanatafuta wazee wa kujitolea. Mkaguzi wa lifti aliposikia, akamshika mkono.

"Basi mama akapimwe huko."

"Baba mdogo, sisi hatupimi nani mzima na nani mgonjwa," mjukuu akasema. "Sisi tunatazama tu kichwa kinavyofanya kazi."

"Lakini ukiona kitu utasema?"

"Nikiona kitu nitasema, ili aende kwa daktari."

"Imetosha." Akamgeukia mama yake. "Kichwa kikionekana sawa, funguo zinabaki kwako. Kisipoonekana sawa, unahamia kwangu na hapa napafunga. Tumekubaliana?"

Wifi alikuwa anapaka gundi mgongo wa kitabu. Hakuinua uso. "Tumekubaliana," akasema. "Na wewe unapimwa lini?"

Siku ya kwenda nilimsindikiza mimi. Tulikaa kwenye ukumbi wa kungojea, kwenye viti vya plastiki vilivyofungwa pamoja kwa chuma kimoja, mmoja akijitikisa safu nzima inatikisika. Yeye ndiye aliyekuwa anatutikisa. Alikuwa akichomoa nyuzi za mkoba wake, mmoja mmoja, na wifi yangu si mtu wa kuchomoa nyuzi, yeye huzirudishia. Nikajua anaogopa. Kumwambia usiogope nisingeweza, angenila mzima mzima.

"Wifi," nikasema, "kitendawili."

"Hapahapa?"

"Hapahapa."

Akatazama huku na huku kama mtu anayetaka kuiba. "Haya, tega."

Nikamtegea hicho nilichokutegea wewe. Akafyonya.

"Mlango wa wapi? Wa nyumba au wa gari?"

"Sisemi."

"Anapita, lakini haingii. Basi ni mwehu."

"Nipe mji."

"Mji utaupata ndotoni. Upuuzi wako huu mimi sina nafasi nao."

Mlango ukafunguliwa, mjukuu akamwita, akaenda. Nami nikafurahi kwamba mkoba ameuacha kitini na nyuzi zilizobaki zimesalimika. Kitendawili chenyewe nikakisahau.

Walimvika kofia ya kitambaa yenye waya nyingi, na chini ya kila waya kisahani kidogo cha chuma. Mjukuu akawa anatia jeli kwenye kila kisahani ili kishike ngozi ya kichwa.

"Ungeniambia ningekuja na yangu," wifi akasema. "Hii yenu haishiki kitu."

"Yako, Bibi Gundi, tungekuvua na ngozi."

Wakamwacha peke yake mbele ya kioo cha kompyuta, na mimi nikaruhusiwa kukaa chumba cha pili na mjukuu, tukitenganishwa na dirisha. Mbele yetu kulikuwa na kioo kingine. Kilikuwa na mchoro wa kichwa kilichotazamwa kutoka juu, na ndani yake nukta nukta. Kati ya nukta na nukta palikuwa panatokea mistari, mara minene, mara myembamba, mara hakuna.

"Kila nukta ni sehemu ya ubongo," mjukuu akanieleza. "Mstari ukitokea, maana yake sehemu hizo mbili zinakwenda pamoja, ni kama zinaongea. Zamani watu walikuwa wanauliza tu, hesabu iko wapi, kumbukumbu iko wapi. Sisi tunauliza nani anaongea na nani, na wanaanza lini, na wanaacha lini."

Nikamwambia basi ni nyumba yenye wageni. Wageni wakibisha hodi, kila mtu anamwita mwenziwe: wa jikoni anamuuliza wa sebuleni wako wangapi, wa sebuleni anamtuma wa uani alete viti. Wageni wakishakaa, makelele yanapungua, wanabaki wanaongea wawili watatu wenye kuhusika. Wakiondoka, wenye nyumba wanarudia soga zao wenyewe. Watu ni walewale na vyumba ni vilevile.

"Karibu hivyo," akasema. "Ila humu mazungumzo yanageuka kabla hujamaliza kupepesa jicho. Na hata wageni wakiondoka hakuna anayelala. Soga za wenye nyumba nazo ni kazi."

Wifi akaanza. Wakampa mia, atoe saba, na inayobaki atoe tena saba, hivyo hivyo kushuka. Mwanzo mistari ikawaka kila upande, mbele na nyuma, kushoto na kulia. Alipozoea, ikapungua, ikabaki michache iliyonyooka. Wakampa herufi za kukumbuka, mistari ikahamia kwingine, ikawa minene tena, ikatulia tena. Mjukuu akawa anatikisa kichwa kwa kuridhika. "Mzuri sana huyu," akasema. Nami nikawa naona fahari kana kwamba kichwa ni changu.

Kisha pakafika zamu ya kupumzika. Kwenye kioo cha wifi ikawekwa alama ya msalaba mdogo, akaambiwa aitazame tu, asifanye kazi yoyote.

Mistari haikutulia. Ilijikusanya mbele, ikanenepa, ikaachia. Ikajikusanya tena, mara hii ikavuka kwenda nyuma, ikashikilia, ikaachia. Kisha tena. Mjukuu akaacha kutikisa kichwa. Akainuka, akaingia mle chumbani, akakagua waya, akaongeza jeli, akarudi. Ikawa vilevile. Akasogeza mdomo kwenye kipaza sauti.

"Bibi Gundi, umepumzika?"

"Nimepumzika."

Na mistari ikanenepa.

Alipomvua kofia na kumpa taulo la kufutia nywele, akamuuliza taratibu, "Bibi, wakati ule wa kupumzika ulikuwa unafikiria nini?"

"Nilikuwa nimepumzika."

"Hakuna ubaya. Wengine hufikiria nguo walizoanika."

"Mimi sikuanika nguo," wifi akasema, akachukua mkoba wake.

Mjukuu akamwomba arudi siku nyingine, labda waya zilikuwa na kasoro. Akarudi. Waya hazikuwa na kasoro. Kwenye hesabu alikuwa bora kuliko mara ya kwanza, na kwenye mapumziko alikuwa mbaya zaidi. Akaulizwa tena lile swali, akajibu tena lile jibu.

Mkaguzi wa lifti akaja kusikiliza. Tulikaa wote karakanani, yeye juu ya rundo la magamba, mjukuu akiwa amesimama. Mjukuu akasema ukweli wake: kazi alizopewa, kichwa cha mama kinazifanya vizuri, kinajipanga na kujipangua inavyotakiwa. Ila akiambiwa apumzike, hakirudi kwenye soga za nyumbani. Kinaendelea kama kazini, kinaanza, kinaacha, kinaanza.

"Naeleza nilichokiona tu," akasema. "Huenda ni kitu, huenda si kitu. Kama alikuwa na jambo kichwani, basi hakuna la kushangaza hapo, ni kichwa kizima kinachofanya kazi yake. Lakini yeye anasema hakuwa na jambo."

"Hukuwa na jambo, mama?"

"Sikuwa nalo."

Mwana akamgeukia mjukuu. "Lifti," akasema, "ikiwa na watu inaweza kwenda vizuri kabisa. Mimi siipimi hapo tu. Naipima ikiwa tupu. Lifti isiyo na mtu inatakiwa isimame. Ukiiona inapanda na kushuka yenyewe, milango inafunguka na kujifunga, hakuna aliyebonyeza kitu, hiyo unaifunga siku hiyohiyo. Ndiyo inayoua watu."

Wifi akavuta uzi, akaukata kwa meno.

Nilipobaki naye peke yetu nikaanza kuosha brashi zake, maana mikono yangu ikikaa bure mdomo unaongea ovyo. Nikamuuliza, "Wifi, kile kitendawili changu uko nacho bado?"

"Kitendawili gani?"

Alijibu haraka mno. Mtu aliyesahau hutulia kwanza, hutafuta. Huyu alikuwa ameliweka jibu mlangoni, analingoja swali. Nikaiacha brashi kwenye maji.

"Hee, wewe mwanamke," nikasema. "Mle ndani ya kofia."

"Usianze."

"Umeambiwa upumzike, wewe unamtafuta mtu wangu."

"Nimesema usianze."

"Basi nikutajie jibu, ukamwambie mtoto, yaishe."

Akainua sindano, akaninyooshea. "Ukinitajia, wifi, sitakanyaga kwako mpaka unazikwa. Na kuzikwa kwenyewe nitachungulia tu."

"Nipe mji basi, hata mdogo. Nipe stendi ya basi."

"Sikupi."

"Utahamishwa humu."

"Nitahama nikiwa sijakupa."

Sikuona kicheko usoni mwake. Nikaona mwanamke anayeipenda karakana yake kuliko mboni za macho, na ambaye yuko tayari kuiacha kuliko kusema mbele ya watu kwamba neno la mke wa kaka yake limemkaa kichwani limemshinda. Watu wengine wangeona ni ukichaa. Mimi nimeishi katika ukoo ule.

Hata hivyo nilikwenda kwa mwana nikamwambia. Mimi ni mkaza mjomba wake, amekua mgongoni kwangu, hana cha kunificha wala mimi sina. Nikamwambia, mama yako haumwi, mama yako ana kitendawili.

"Yeye anasemaje?" akauliza.

Tukamwita kwenye simu, sauti ikawekwa wazi. Wifi akasikiliza, akacheka kicheko cha wageni.

"Cha kwake? Kilinitoka palepale mlangoni. Hata sikikumbuki kinaanzaje."

Mwana akakata simu, akanitazama kwa huruma, akaniumiza zaidi kuliko kama angenifokea. "Umesikia, mkaza mjomba. Ama hakuwa nacho, ama alikuwa nacho na amesahau. Lipi lina nafuu?"

Nikamwendea mjukuu. Naye akanisikiliza mpaka mwisho, na alinisadiki, niliona. "Lakini Bibi," akasema, "mashine inanionyesha nani anaongea na nani. Wanachosema sikisikii. Hilo la kusema ni la mwenye kichwa. Siwezi kuandika kwamba wifi yake amesema."

Ikafika asubuhi ya kukabidhi funguo. Palikuwa na manyunyu na baridi. Mwana alikuja mapema, akashusha kisu cha mashine, akakifunga kwa mnyororo. Akachomoa kipasha moto, akakizungushia waya wake vizuri, akakitia kwenye boksi. Mjukuu alikuja pia, alisema amekuja kusaidia kubeba, lakini muda mwingi alisimama karibu na dirisha lenye kioo kipya akiviringisha uzi wa nta kidoleni. Mimi nilikuwa nafagia vipande vya karatasi ambavyo havikuwa na haja ya kufagiliwa.

Wifi alikuwa mtulivu. Alisema magamba mekundu ni ya mwalimu fulani, apelekewe. Alisema sindano zisichanganywe. Kisha akakinyanyua kitabu kilichokuwa bado kimebanwa kati ya mbao mbili, gundi haijakauka, akakikumbatia kwa mikono yote miwili.

"Hicho kiache, mama."

"Hakijakauka. Nikikiacha kitapinda."

"Basi vaa koti, nje kuna baridi."

"Nitavaaje, na mikono yangu unaiona?"

Mwana akalichukua koti lake lililokuwa nyuma ya mlango, lile la kijivu, zito, akamwekea mabegani, akamwingiza mkono mmoja, mama akahamisha kitabu, akamwingiza wa pili. Funguo za karakana zilikuwa zimeshatolewa, zinaning'inia kwenye kidole chake kidogo. Akainama mbele ya mama yake, akaanza kulifunga koti kuanzia chini, kama wanavyofungwa watoto ili pande zisipishane. Funguo zikawa zinalia kila akisogeza mkono. Mama alikuwa ametazama ukutani, amekaza taya, kama anatahiniwa. Mwana akapanda mpaka tumboni, akapanda mpaka kifuani. Hapo mama akatazama chini.

"Ngoja," akasema.

"Nimekubana?"

"Hapo ulipofunga. Fungua."

"Mama, twende, mvua inaongezeka."

"Fungua, ufunge tena. Polepole."

Mwana akanitazama, akamtazama mjukuu. Alikuwa na uso wa mtu anayeona kila alichokihofia kimemfikia. Lakini alikuwa mtoto wake, akafungua. Akafunga tena, polepole, na wifi yangu akafuata kwa macho jinsi kinavyosukumwa, kinavyoingiza upande mmoja, kinavyojitokeza chote, kinavyolala kwa nje na koti likashikana. Mjukuu aliacha kuviringisha uzi. Alikuwa anamwangalia usoni vile alivyokuwa anakiangalia kile kioo cha nukta.

Mimi nikauegemeza ufagio ukutani.

Wifi akampa mwanawe kitabu akishike, na mbao zake, na gundi yake mbichi. Mwana akakipokea kwa mikono miwili kwa sababu hakikupokeleka vingine, na mama akatandaza kiganja chake chini ya kile kidole kidogo kilichokuwa na funguo. Hakuzivuta. Alitandaza tu kiganja, akageuza uso kwa mjukuu.

"Wewe uliniuliza mara mbili," akasema, "wakati wa kupumzika nilikuwa nafikiria nini. Nikakudanganya mara mbili, kwa sababu huyu bibi yako alikuwa amekaa nyuma ya dirisha anangoja mji." Akashika koti lake kifuani kwa mkono wa pili, akanitazama mimi sasa, na macho yake yalikuwa yanacheka yote.

"Kifungo," akasema.